Upande wa Chini wa Ubao

Mzee Mrisho alikutwa uani kwake, ameinamia ubao wa mvule uliolazwa juu ya stendi mbili, kifua juu ya ubao, miguu chini, shavu limegusa mbao kama mtu aliyepitiwa na usingizi kazini. Damu ilikuwa imetoka kisogoni, ikaingia kwenye nyuzi za mti na kukaukia humo. Aliyemkuta ni bintiye, Badria, aliyekuwa amemletea chai ya tangawizi baada ya swala ya alfajiri. Alipiga ukelele ulioamsha Mtaa wa Likoma wote, na Likoma si mtaa wa kuamshwa kirahisi.

Inspekta Gaudens alifika kabla maduka ya Kariakoo hayajafunguliwa, akiwa na Koplo Rachel na mpiga picha wa polisi. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya chini, imebanwa na maghorofa pande zote mbili mpaka jua likawa linaingia uani kwa kuomba ruhusa. Humo ndimo marehemu alimofanyia kazi tangu alipoacha karakana za watu. Aliletewa mbao nene, nzito, akazipasua, akaziranda, akazipiga msasa, akazipaka vanishi. Watu wenye ofisi Posta walikuwa wanasubiri zamu kwa miezi ili wapate meza iliyotoka kwenye mikono yake.

Gaudens aliinama, akatazama jeraha. Pigo moja tu, kutoka nyuma. Nyundo ilikuwa chini ya stendi, mpini wake unanuka tina ya kuzimulia vanishi.

"Umefutwa," Rachel alisema. "Hapa hatupati alama za vidole hata tukiomba dua."

"Tambara lililofutia?"

"Hilo hapo, pembeni ya chupa ya tina. Aliyefuta hakutafuta sana."

Gaudens aliitikia kwa kichwa. Kilichomsumbua ni kitu kingine. Ubao ulikuwa umerandwa karibuni, uso wake mweupe kuliko pembeni. Randa ya umeme ilikuwa juu ya kigoda, waya wake bado umechomekwa ukutani. Lakini sakafu chini ya ubao ilikuwa imefagiwa, safi kama ya msikiti.

Alimwendea Badria. Mwanamke yule alikuwa amekaa kizingitini, mja mzito, kanga imemteleza mabegani, macho makavu.

"Pole sana, mama. Baba yako alikuwa anafagia akimaliza kazi?"

"Baba? Hafagii huyo. Maranda anayaacha hapohapo. Asubuhi mume wangu ndiye anayezoa, anatia kwenye viroba. Wafugaji wa kuku wanakuja kuchukua."

Viroba vilikuwepo kwenye kona. Gaudens alifungua kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa na maranda mekundu ya mninga. Ya mvule hayakuwemo hata chembe.

"Mume wako yuko wapi?"

Badria aliinamisha kichwa. "Bakili hajarudi tangu jana jioni. Mimi nilikuwa kwenye shughuli ya harusi Ilala. Nimerudi usiku nikadhani baba amelala."

Jirani ndiye aliyemaliza mambo, au alidhani amemaliza. Hasmukh alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi lililopakana na nyumba hiyo ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyekuwa anamuuzia Mzee Mrisho msasa na vanishi. Alitoa maelezo yake huku anafungua makufuli.

"Inspekta, mimi sipendi kusema mtu. Lakini jana jioni nimesikia kwa masikio yangu. Bakili anapiga kelele, 'Mzee acha! Usiguse!' Mzee naye anajibu kwa hasira. Kisha kijana ametoka mbio, kabamiza mlango mpaka rafu yangu imetikisika."

"Uliona mtu mwingine akiingia?"

"Mtaa huu? Watu elfu wanapita. Mimi nafunga duka, naenda nyumbani. Mrisho alikuwa rafiki yangu, baba. Sijui hata niseme nini."

Alisema hivyo akasimama na makufuli mkononi, amesahau alikuwa anafanya nini.

Bakili alikamatwa mchana huohuo Mchikichini, amekaa nyuma ya kibanda cha mitumba cha rafiki yake, hana habari kwamba baba mkwe wake amekufa. Ama alikuwa hana habari, ama alikuwa mwigizaji hodari. Mkuu wa Gaudens alichagua la pili.

"Mna ugomvi, mna shahidi, mna mtu aliyelala nje," mkuu alisema. "Kesho asubuhi apelekwe mahakamani. Unataka nini tena?"

"Maranda, mkuu."

"Nini?"

"Muuaji amefagia maranda akaondoka nayo. Sijui kwa nini."

Mkuu alimtazama kwa huruma. "Gaudens, watu wanafuga kuku. Kamata mtu wako, ulale."

Gaudens alijua kesho inamaanisha nini. Kesi ya mauaji haina dhamana. Bakili akishasomewa shtaka, mtoto aliye tumboni mwa Badria atazaliwa, atatambaa, pengine ataanza shule, baba yake yuko rumande anasubiri tarehe. Badria alikuwa amepoteza baba usiku mmoja, na sasa serikali inamnyang'anya mume mchana wake. Kama Bakili ndiye, sawa. Kama siye, nani atarudisha?

Mahojiano ya kwanza hayakwenda popote.

"Mligombana nini na mkweo?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi tu, afande. Mzee mbishi. Mimi nikisema hivi, yeye anasema vile." Bakili alikuwa analia, kamasi zinamtoka. "Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia bora uzeeke ukae, kazi uache. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia. Nifungeni tu."

"Ulimpiga?"

"Nifungeni, nimesema."

Mtu akisema nifungeni namna hiyo, wapo askari wanaoandika kwamba amekiri. Gaudens alifunga jalada akatoka.

Mwili ulirudishwa kutoka kwa daktari alasiri, ukaoshwa, ukazikwa Kisutu kabla jua halijazama. Gaudens alikaa nyuma ya waombolezaji kwa heshima, kisha akarudi nao Likoma kwenye matanga. Uani palikuwa pamejaa akina mama. Mahali ubao ulipokuwa pametandikwa mkeka, na sufuria la pilau limeinjikwa kando. Aliyekuwa anakoroga sufuria ni mama wa makamo, mrefu, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kwenye ncha za vidole viwili.

"Huyo ni Bi Sitara," Badria alimwambia Gaudens. "Mama Malik. Ule ubao ni wake. Alikuwa na duka la vitenge Mtaa wa Sikukuu, jengo limeuzwa linabomolewa. Ubao ulikuwa kaunta yake. Alimletea baba amtengenezee meza. Ameshinda na sisi tangu asubuhi, hajakaa hata kitako."

Gaudens alisogea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia ubao ni wako. Pole, tumeuchukua kama kielelezo."

"Kaeni nao." Aliendelea kukoroga. "Siuhitaji tena."

"Ulikuja kuuangalia lini mara ya mwisho?"

"Tangu niulete sijauona. Fundi akiwa na kazi yako, humsumbui."

"Vidole vimefanya nini, mama?"

"Vibanzi," alisema. "Kuni."

Lilikuwa jibu zuri. Ila pilau lilikuwa linapikwa kwa gesi, na mtungi ulikuwa umesimama pale, hauna pa kujificha. Gaudens aliutazama, akaona haya kuuliza zaidi mbele ya wafiwa. Alirudi kituoni na moyo mzito.

Alimtoa Bakili mahabusu, akampa maji.

"Sikiliza. Sitaki kujua kama unajuta. Nataka kujua kazi gani mlikuwa mnagombania. Neno kwa neno."

Bakili alimeza maji. "Ubao wa Mama Malik. Juu tulikuwa tumeshamaliza, tumeranda na msasa, maranda yake wameshachukua wenye kuku. Jana mzee akaugeuza, anataka kuranda na chini. Mimi nikamwambia usiguse, mwenyewe amekataza. Siku aliyouleta alituambia wote wawili, chini msiguse, acheni kama palivyo."

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema. Mzee yeye akadhani anabana hela. Akasema maskini Sitara, mjane, duka limebomolewa, anaogopa gharama. Nitamfanyia bure."

"Na wewe ukakasirika."

"Kwa sababu yeye ndivyo alivyo, afande! Ubao ukipaka vanishi upande mmoja tu, upande wa pili unavuta unyevu, meza inapinda. Kwake hiyo ni aibu. Hawezi kulala. Anasema kazi ya upande mmoja siyo kazi. Mteja aseme asiseme, yeye lazima afanye pande zote mbili."

"Huko chini palikuwaje?"

"Pameharibika. Mikwaruzo mitupu, kama watoto wamechezea. Na kalamu ya bluu."

Gaudens aliinuka bila kumuaga. Alikwenda chumba cha vielelezo, akamwambia Rachel azime taa ya dari na amshikie kurunzi pembeni, mwanga ulale juu ya ubao. Doa la damu lilikuwa katikati. Kwingine kote ubao ulikuwa laini, umetulia, kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Gaudens aliukagua polepole. Karibu kabisa na ukingo, mahali randa ilipopita juu juu, palikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa kwa kitu chenye ncha, umejipinda, na ndani yake wino wa bluu.

"Hii ni nini?" Rachel alinong'ona.

"Ni kipande cha kitu kilichokuwa hapa chote," alisema Gaudens. "Na sasa najua maranda yamekwenda wapi. Laiti nisingejua."

Mama Malik alikuwa amepanga chumba kimoja ghorofa ya juu, mtaa wa pili tu kutoka Likoma. Walikwenda asubuhi mapema, na hati ya upekuzi, kabla karandinga la mahakamani halijaja kumchukua Bakili. Alifungua mlango kabla hawajabisha mara ya pili. Hakuuliza wamefuata nini.

Ndani hapakuwa na kitanda kilichotandikwa wala jiko lililowashwa. Palikuwa na kiroba kimefunguliwa, na sakafu nzima imetandikwa kanga nyeupe. Juu ya kanga kulikuwa na vijipande vya mvule, vidogo kama maganda ya vitunguu. Vyenye wino vilikuwa upande mmoja, visivyo na wino upande wa pili. Katikati palikuwa na sinia, na ndani ya sinia, vijipande vichache vimegandishwa kwa gundi juu ya karatasi. Havikufanana na kitu chochote. Rachel aliweka mkono mdomoni.

"Msivikanyage," Mama Malik alisema. "Tafadhali. Piteni pembeni."

Askari wote wawili walipita pembeni, wamevua viatu.

"Mama Malik," Gaudens alisema, akachuchumaa. "Nina wajibu wa kukuonya. Hulazimiki kusema lolote. Ukisema, litaandikwa, na litatumika mahakamani."

"Andika tu."

"Ulikwenda kwa Mzee Mrisho juzi?"

"Baada ya Isha."

"Ukakuta nini?"

Alichukua kijipande kimoja kwa ncha ya sindano, akakitazama, akakirudisha.

"Malik wangu alikuwa na selimundu," alisema. "Shuleni alikuwa anakwenda wiki hii, wiki ijayo yuko kwangu dukani. Nilikuwa namtandikia chini ya kaunta. Wateja hawamwoni, mimi namwona. Maumivu yakija, mwanangu, hakuna dawa inayowahi. Nilikuwa nampa bikari yake ya shule na kalamu, namwambia chora, baba, chora. Alale chali, achore juu ya kichwa chake. Anapoumwa anachimba. Akipata nafuu anachora vizuri, macho, samaki wa Feri, mimi na kibarakashia cha baba yake. Wateja wakisikia kwaru-kwaru wanauliza, Sitara, una panya? Nasema ndiyo, nina panya wangu."

Alinyoosha pindo la kanga.

"Alivyokufa, nikawa nafunga duka naingia kule chini. Nalala alipolala yeye. Napapasa. Gizani nazijua zote. Hapa aliumwa sana. Hapa alikuwa anacheka."

"Hukupiga picha?" Rachel aliuliza, na sauti yake haikuwa ya polisi.

"Picha ninayo. Iko kwenye simu. Picha haina mikwaruzo, mwanangu. Ukiipapasa ni kioo."

Nje, Kariakoo ilikuwa inaamka, wapakuaji wanaimba wakishusha mizigo, honi, muuza kahawa anagonga vikombe. Kuna asubuhi ambazo mji huu unapiga kelele kama vile hakuna mtu ndani yake anayeumia, na Gaudens alitamani unyamaze hata kidogo.

"Niliwaambia msiguse chini," Mama Malik aliendelea. "Kwa nini sikusema sababu? Niliona haya. Mtu mzima nakwenda kulala chini ya kaunta. Ningesema, wangenionea huruma, na mimi nimechoka kuonewa huruma. Nikasema tu, msiguse. Nikadhani inatosha."

"Kisha?"

"Nikaingia uani, namkuta mwenyewe, ubao umegeuzwa. Mweupe. Maranda yamejaa miguuni mwake. Yeye hakuniangalia usoni, maskini, alikuwa anaangalia kazi yake. Amefurahi. Akasema, 'Mama Malik, nilitaka ikushtukize. Huku chini palikuwa pameharibika kabisa, mtoto mtukutu gani sijui kapachezea. Nimekutolea yote. Na sikutozi kitu.'"

"Nyundo ilikuwa wapi?"

"Juu ya kigoda."

"Ukaichukua."

"Nikaichukua. Sikusema neno. Yeye akaona nimenyamaza, akadhani kazi haijanipendeza. Akainama, akaupapasa ubao kwa kiganja, taratibu, huku na huku. Akaniuliza, 'Kwani haijalainika?'"

Hapo uso wake ulivunjika. Alilia bila sauti, huku mkono mmoja umelikinga sinia machozi yasidondokee gundi.

"Ndipo nikampiga. Ananiuliza haijalainika, nikampiga. Hakujua, mwanangu. Mpaka leo hajui nilimpigia nini."

Gaudens alilazimika kuendelea kuuliza, kwa kuwa ndiyo kazi aliyolipwa kuifanya.

"Mama, Bakili amelala mahabusu. Mkewe ana mimba. Wewe ulikuwa unawapikia, unawaona. Ungemwacha kijana anyongwe?"

"Nilikuwa nitakuja. Wallahi nilikuwa nitakuja kujisalimisha. Nilitaka nimalize kwanza." Alionyesha sinia. "Nimeshapata kama jicho. Hili hapa. Au siyo jicho?"

Gaudens alitazama. Palikuwa na vijistari vya bluu, vimekaa karibu karibu. Randa ya umeme inasaga. Hata wataalamu wa nchi nzima wakikusanywa humu ndani, mtoto yule asingerudi kwenye ubao. Alijua hivyo, na alijua kwamba mama huyu naye alijua.

"Ni jicho," alisema.

Kisha akafanya kazi yake. Walikusanya vijipande vyote, vya wino na visivyo na wino, wakavitia kwenye mifuko ya vielelezo, wakaifunga kwa lakiri mbele yake. Mama Malik alitazama kila mfuko ukifungwa. Alipofungwa pingu aliomba kufunga mlango wa chumba mwenyewe, akafunga, akampa Rachel ufunguo.

Mkuu alipongeza. Alisema kazi nzuri, akasema magazeti yatapenda, akaagiza chai. Gaudens hakunywa. Alitia saini hati ya kumwachia Bakili, akamtoa hadi kaunta, ambako Badria alikuwa amekaa tangu alfajiri na dada wa marehemu mama yake. Mume na mke walishikana. Ilipasa iwe furaha. Bakili alikuwa anarudia maneno yaleyale: nilimwambia bora azeeke akae, nilimwambia bora azeeke akae.

Badria alimwacha mumewe kwa mama yake mdogo huyo, akamfuata Gaudens barazani.

"Wamesema ni Mama Malik."

"Ndiyo."

"Mama Malik amenishika mkono wakati wanamtoa baba ndani. Amenilisha uji kwa kijiko." Alikuwa anazungumza polepole, kama mtu anayetafsiri lugha asiyoijua. "Baba alimkosea nini?"

Gaudens alimweleza. Hakupunguza wala hakuongeza. Alimweleza habari za mtoto chini ya kaunta, bikari, kalamu ya bluu, na msaada ambao hakuna aliyeuomba. Badria alisikiliza hadi mwisho, mikono imeshika tumbo.

"Alisema nini baba? Mwishoni?"

Angeweza kumwambia hakuwahi kusema kitu. Wafiwa wengi huambiwa hivyo.

"Aliuliza kama ubao umelainika."

Badria aliitikia kwa kichwa taratibu. Huyo alikuwa baba yake, hapana shaka.

"Wewe uliushika, afande. Ulikuwa umelainika?"

"Ulilainika," Gaudens alisema. "Sijawahi kushika ubao laini vile."

Badria alikaa chini pale pale barazani, miguu ameinyoosha, akaanza kumlilia baba yake kwa sauti.